Habari za Walinzi wa Ziwa, Kiangazi cha 1978

Jumatatu, 29 Mei

Gwaride la kuwakumbuka askari limenyeshewa tena. Walinzi wa Ziwa, kikosi chetu cha vijana wa tarumbeta na ngoma, wamepita Barabara Kuu wamelowa chapachapa, tarumbeta zinachuruzika maji, na hakuna hata mmoja aliyekosea hatua. Nilisimama mbele ya posta na mwavuli wa Gus. Keith mwanangu alipita karibu nami kiasi cha kumgusa na hakunitazama. Mpiga ngoma akiwa kwenye mstari hana mama. Ana miaka ishirini. Sheria inampa msimu huu na ujao, basi; ukishamaliza msimu wa miaka ishirini na moja unarudisha sare.

Naanza daftari jipya kama kila mwaka. Jarida letu, Mstari wa Mbele, linaingia mwaka wa kumi na nne. Naliita jarida, lakini ni kurasa mbili, zikizidi nne, tunazozirudufu kwa mashine ya mkono kwenye chumba cha kufulia. Mimi napiga taipu. Gus mume wangu anazungusha mkono wa mashine na kuulaani wino. Vernon Thiede ndiye macho yetu. Ni mwalimu, kwa hiyo kiangazi chote ni chake, naye anafuata mabasi ya kikosi kwa gari lake mji hadi mji. Asubuhi baada ya kila onyesho ananipigia simu kabla sijaenda posta kuchambua barua, ananisomea alama za waamuzi na kunisimulia yote. Jumanne natuma. Kufikia mwisho wa wiki watu mia tatu na kumi na mbili, kutoka hapa Port Adeline hadi Kalifornia, wanajua Walinzi wamefanyaje. Gazeti kubwa la vikosi linatoka wiki mbili baadaye, linatupa mstari mmoja, na jina la mji wetu wanalikosea.

Gus na Vernon wamekulia mtaa mmoja. Vernon ndiye aliyesimama na Gus siku ya harusi yetu, ndiye aliyembeba Keith siku ya ubatizo. Hajawahi kuniita Lorraine mbele ya watu. Ananiita shemeji.

Jumamosi, 3 Juni

Stensili, karatasi za kurudufia, zimefika. Pakiti moja imepinda. Mvua.

Jumatatu, 12 Juni

Simu saa kumi na moja na nusu alfajiri, nimeshika kikaango.

"Shemeji, shika kalamu. Sitini na mbili nukta nne. Wa tatu!"

"Kati ya wangapi?"

"Kati ya tisa. Wewe nawe! Mtu anakuletea harusi, unauliza wali ulipikwa kilo ngapi."

Akanisimulia jinsi mstari wa tarumbeta ulivyogeuka wote kwa pamoja jua likiwa nyuma yao, na mzee mmoja jukwaani akavua kofia bila kujua kwamba ameivua. Vernon akisimulia, mimi naona. Nina siku chache za likizo na nazitunza kwa ajili ya fainali za Agosti, kwa hiyo kwa miaka kumi na minne Walinzi ninaowajua mimi ni wale waliopita kwenye mdomo wa Vernon. Mayai yaliungua. Gus aliyala hivyo hivyo.

Jumatano, 14 Juni

Barua tatu kwa siku moja, za watu watatu wasiojuana, na zote zinauliza neno moja: ni kweli Walinzi wa Ziwa wanakufa baada ya msimu huu?

Moja imetoka kwa Bwana Orville Haskamp wa Iowa. Ni kinyozi mstaafu, anakwenda kila onyesho ambalo gari lake linaweza kulifikia, anakaa jukwaani na kinasa sauti mapajani, kisha anawatumia kaseti watu tuliobaki nyumbani. Hajawahi kuniandikia upuuzi. Ameandika: "Mama, nimesikia kwa watu wawili kwamba mnamezwa na Tai Wekundu wa Wexton. Niambie si kweli ili nilale."

Tai Wekundu, mahasimu wetu! Afadhali angesema tunamezwa na nyangumi.

Alhamisi, 15 Juni

Nilimuuliza Vernon kwenye simu. Yeye ni katibu wa kamati ya kikosi. Kama lipo, angekuwa wa kwanza kulijua. Alicheka kile kicheko chake kinachoanza na kikohozi.

"Wambea hao. Kila mwaka wanatuzika, kila mwaka tunawapigia ngoma kwenye matanga yetu wenyewe. Andika hivi, shemeji: Walinzi hawaendi popote."

Nikaandika. Nimeliweka juu kabisa ya ukurasa wa kwanza, kwa herufi kubwa, na chini yake jina langu.

Jumatatu, 19 Juni

Radi usiku kucha, chumba cha kufulia kimeingia maji, tumeinua mashine juu ya matofali. Kadi kutoka kwa Vernon: "Salamu kutoka Marlow, joto kali, watoto wanapendeza." Muhuri wa posta ni wa Wexton. Nimechambua barua miaka kumi na tisa, muhuri siukosei. Labda alisahau kuitumbukiza Marlow akaituma akiwa njiani. Wexton haiko njiani.

Jumamosi, 24 Juni

Keith amepiga simu kutoka kwenye kibanda cha barabarani. Kachoka, kala, soksi hazitoshi. Nikamuuliza kuhusu ule uvumi.

"Mama, watu nyuma yangu wanasubiri simu."

Nikamwambia nitatuma soksi.

Jumapili, 2 Julai

Sitini na tisa nukta moja. Wa pili! Vernon sauti imemkauka. Jarida la wiki hii litakuwa kurasa nne.

Jumanne, 4 Julai

Vernon kaja kula nasi sikukuu ya uhuru. Kikosi kina magwaride mawili leo, akasema yamemchosha. Soseji, saladi ya viazi, bia. Yeye na Gus walikaa kwenye ngazi za nyuma kama watoto, wakitaniana nani amenenepa.

"Gus, ukikaa upande huo nyumba inainama."

"Na wewe ukicheka nzi wanahama kaunti."

Nilipokuwa naosha sahani Vernon alikuja akachukua kitambaa akaanza kunifutia. Akasema barua zimezidi, hata wazazi wameanza kuulizana, afadhali nirudie ile taarifa. "Ikitoka kwako wanaamini, shemeji. Ikitoka kwetu kamati wanadhani ni siasa." Nilijisikia vizuri. Naiandika hapa ili nisije nikaisahau: nilijisikia vizuri sana.

Ijumaa, 7 Julai

Mama Jelinek alikuja dirishani kwangu posta, hakununua stempu. Binti yake Rhonda ana miaka kumi na sita, anapiga tarumbeta mstari wa pili, na kikosi kimoja cha wasichana huko Illinois kimemwandikia kikimtaka kuanzia msimu wa vuli. Wanataka jibu kabla ya tarehe kumi na tano.

"Rhonda hataki kuondoka hapa," alisema. "Lakini maneno ni mengi. Wewe ndiye unayejua. Nimwambie nini?"

"Mwambie abaki. Nimeshaandika mara mbili."

Akanishika mkono kupitia dirishani. Nyuma yake watu sita walikuwa kwenye foleni na wote walisikia.

Alhamisi, 13 Julai

Joto. Hata bahasha zinajifunga zenyewe. Sabini na mbili nukta sita.

Jumanne, 18 Julai

Toleo limetoka. Taarifa ile imo, mara ya tatu. Gus alisimamisha mkono wa mashine akaisoma. "Mtu asiyekwenda popote," akasema, "hana haja ya kuaga mara tatu." Nikamwambia azungushe.

Alhamisi, 20 Julai

Nitajaribu kuandika kwa mpangilio.

Kifurushi cha Bwana Haskamp kimefika leo, kaseti moja na karatasi moja. Karatasi inasema: "Upande wa pili, baada ya kikosi cha nne, kabla ya kikosi chenu. Nimekaa nayo wiki nzima nikifikiri niitume au niitupe mtoni. Mimi si mbea, mama. Nilikuwa narekodi tarumbeta."

Niliiweka kwenye kinasa sauti mezani jikoni nikiwa bado na sare ya kazi. Kikosi cha nne kinamaliza, watu wanapiga makofi, muuza bisi anapita akiita, mtoto analilia soda. Kisha, karibu sana na maikrofoni, kama mtu aliyeketi safu ya nyuma na kuinama mbele, kikohozi halafu kicheko. Kicheko hicho ningekijua hata kaburini.

Mtu mwingine akauliza: "Tarumbeta zote?"

"Zote, na ngoma zote. Na lori. Kamati ilishapiga kura Aprili, Fenske, unataka nikuapie?" Fenske ni mkurugenzi wa Tai Wekundu.

"Na vijana?"

"Ishirini niliokupa majina. Wakubwa, wazuri. Wameshakubali."

"Hao wengine?"

"Watoto tu. Watarudi nyumbani, watasahau."

Mtoto bado analia. Kisha Fenske: "Yule mama yenu wa jarida asije akaharibu."

"Lorraine? Lorraine anaandika ninachomwambia. Miaka kumi na minne hajawahi kuniuliza mara mbili."

Hapo mtangazaji akaita jina la Walinzi wa Ziwa, jukwaa zima likasimama, na sauti niliyoisikia juu ya sauti zote ni ya Vernon akishangilia.

Gus aliporudi kutoka kiwandani nilikuwa nimekaa pale pale. Nikamrudishia kaseti nyuma. Alisikiliza amesimama, mkoba wa chakula mkononi. Ilipokwisha akasema, "Rudisha." Nikarudisha. Mara ya tatu aliizima mwenyewe, akaenda uani, akaanza kukata nyasi alizozikata juzi.

Nimehesabu. Nimeandika uongo mara tatu kwa watu mia tatu na kumi na mbili. Na mara moja usoni, dirishani.

Ijumaa, 21 Julai

Kazini nimetia barua za Mtaa wa Maple kwenye fungu la Mtaa wa Elm. Tarehe kumi na tano ya Rhonda imeshapita.

Jumapili, 23 Julai

Vernon kapiga simu. Sabini na nne kamili. Anasimulia, na mimi, Mungu anisamehe, nilianza tena kuona: bendera, vumbi, jua. Nikamkatiza.

"Vernon, kuna lolote kuhusu Wexton ambalo ningepaswa kujua?"

"Shemeji, na wewe umeshaanza? Hakuna kitu. Ningekuficha wewe?"

Nilimpa mlango. Uko wazi, angeingia tu. Hakuingia.

Jumanne, 25 Julai

Leo sikutuma jarida. Ni Jumanne ya kwanza kwa miaka kumi na minne, za msimu nasema. Niliomba ruhusa kazini, Gus akaomba yake, tukaendesha saa tatu hadi Harlan Grove ambako kikosi kilikuwa kimepiga kambi kwenye shule. Njiani Gus alisema sentensi moja tu: "Niache mimi niongee naye." Nikasema hapana.

Vijana walikuwa wanakula kwenye majani nyuma ya malori, sahani za karatasi magotini, migongo imeungua jua. Vernon alitutazama mara mbili ndipo akatutambua.

"Shemeji! Gus! Jamani, mmekuja! Leteni viti hapa!"

"Nimekuja kukuuliza mara mbili," nikasema.

Alikuwa amenyoosha mikono kunikumbatia. Ikabaki hewani. Sidhani alijua nimesikia nini, lakini alijua maneno ni ya nani.

Akatuvuta pembeni ya lori, akasema kwa sauti ya chini. Sitamwonea, nitaandika alivyosema. Kikosi kilikuwa kinakufa. Waliojiandikisha mwaka huu ni nusu ya wa zamani, na kila mwaka wanapungua. Kamati ilipiga kura, wanne kwa watatu. Kama wangetangaza, nusu ya watoto wasingepanda basi Juni.

"Nimewapa kiangazi kimoja, Lorraine. Waangalie. Kuna mtoto hapa anayelia?"

"Ungeniambia mimi."

"Ungechapisha."

"Ndiyo."

"Basi umejijibu."

"Na huko Wexton umepewa nini?"

Gus akasema, "Mjibu." Ndipo Vernon akasema atakuwa msaidizi wa mkurugenzi. Akasema mtu akizamisha maisha yake yote kwenye kitu, ana haki ya kushika ubao meli ikizama. Gus akamwambia ubao ule alikuwa anaung'oa kwenye meli watoto wakiwa bado ndani.

Nikawa naelekea kwenye vijana. Nilitaka kuwaambia pale pale. Keith akatoka katikati yao akanizuia njiani, vijiti vya ngoma mfuko wa nyuma.

"Mama, mwache Vernon."

Hajauliza kuna nini. Hajauliza tumekuja kufanya nini, Jumanne, mwendo wa saa tatu. Alisema tu nimwache. Nikamtazama, na mwanangu akaangalia chini kwenye viatu vyangu.

"Uko kwenye ishirini," nikasema.

"Nina mwaka mmoja umebaki, mama. Mmoja tu."

"Tangu lini?"

"Wiki ya kwanza."

"Ulinipigia simu, Keith. Nilikuuliza."

"Niliambiwa nisiseme."

"Na mimi je? Uliniacha niandike."

Akasema, polepole kama anayemweleza mtoto, "Mama, ungesema kwa kila mtu. Ndiyo kazi yako."

Hatukukaa kuangalia onyesho. Tulipokuwa tunatoka lango la shule wapiga tarumbeta walianza kupasha midomo moto, ile noti moja ndefu ya chini. Gus alipunguza mwendo. Nikamwambia aende.

Jumatano, 26 Julai

Nimeandika na kurarua tangu niliporudi kazini. Gus aliuliza swali ambalo nilikuwa nalikwepa: je, Vernon hana haki hata kidogo? Zimebaki wiki tatu. Watoto wakijua, huenda msimu unavunjika, na Keith wetu yumo. Wasipojua, angalau wamalize.

Nilifikiria hilo nikichemsha viazi hadi vikapasuka. Nimefika hapa: kiangazi hicho ni cha kwao. Si cha Vernon kuwagawia kama peremende. Na vikosi vingine vinachagua watu sasa, siyo Oktoba. Kila siku ninayonyamaza, kuna Rhonda mwingine anayekataa nafasi kwa sababu yangu.

Toleo ni ukurasa mmoja:

"Katika matoleo matatu nimewaambia kwamba Walinzi wa Ziwa hawaendi popote. Si kweli. Kamati ilipiga kura mwezi Aprili kuvunja kikosi baada ya fainali. Tarumbeta, ngoma na lori vinakwenda Wexton. Vijana ishirini wameahidiwa nafasi huko, mmoja wao ni mwanangu. Waliobaki hawakuambiwa. Niliambiwa uongo na mtu ninayemwamini, nikauchapa bila kuuliza, kwa jina langu. Aliyekataa nafasi mahali pengine kwa sababu ya neno langu, aniandikie au aje. Mkurugenzi yeyote mwenye nafasi, tafadhali aniandikie pia."

Gus alizungusha mkono wa mashine hadi mwisho bila kulaani wino. Nakala sitini nimezipeleka kwa barua ya haraka kambini, kila moja na jina la mtoto juu yake.

Jumatatu, 31 Julai

Keith kapiga simu. Hakusalimia.

"Kumi na watatu wamekwenda nyumbani. Mstari una mapengo kama meno ya bibi. Umefurahi?"

"Wewe ungekuwa mmoja wa wale wengine, ungetaka kujua?"

"Mimi si mmoja wa wale wengine," akakata.

Alhamisi, 3 Agosti

Alama sasa nazipata kwa Bwana Haskamp, kwa kadi, siku tatu baadaye. Sabini na moja. Tumeshuka.

Jumamosi, 5 Agosti

Barua ishirini na tisa. Kumi na moja zinanishukuru. Wanne wanajitoa, hawataki tena jarida. Mmoja amenirudishia matoleo yote ya miaka kumi na minne kwenye sanduku, hakuandika hata neno.

Jumanne, 8 Agosti

Nimekwenda kwa kina Jelinek. Nilibeba pai ya cheri kama mjinga. Mama Jelinek alifungua mlango, akaitazama pai, hakuipokea.

"Nilikuuliza uso kwa uso," akasema.

"Ndiyo."

"Ningeuliza mtu mwingine ningesamehe."

Kule Illinois nafasi imeshachukuliwa. Nimewaandikia mwenyewe kurasa tatu, nikapata jibu la mistari miwili, la adabu.

Rhonda alikuwa amekaa kwenye ngazi, ni mmoja wa wale kumi na watatu. Amekuwa mweusi kwa jua, mdomo bado una alama ya tarumbeta. Nikamwomba msamaha. Akainua mabega.

"Mimi nilijua wewe hukujua," akasema. "Kuna jambo nimelielewa baadaye, lakini."

"Umelielewa nini?"

"Wakubwa walikuwa wanakaa nyuma ya basi. Jarida lako likifika mmoja analisoma kwa sauti, ile sehemu ya Walinzi hawaendi popote, na wanacheka. Tulidhani wanacheka kwa furaha."

Nilitaka kumuuliza nani alikuwa anasoma. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Mama yake akamwita ndani, na mimi nikashukuru.

Pai nimeiacha ngazini.

Ijumaa, 11 Agosti

Sikwenda kuomba ile likizo ya fainali. Msimamizi wangu kashangaa.

Ijumaa, 18 Agosti

Leo ni mchujo wa fainali. Sitajua lolote hadi Jumatatu au Jumanne. Nimekaa na simu ambayo haitalia, kama mamia ya watu ambao miaka yote hii walikaa wakinisubiri mimi. Sikuwahi kufikiri ilikuwaje upande wao.

Jumanne, 22 Agosti

Kadi ya Haskamp: wa kumi na tisa. Hawakuingia fainali. Ameandika, "Walipomaliza hawakutoka uwanjani. Walisimama tu. Mwamuzi alilazimika kuwagusa mabega. Kaseti nimeirekodi lakini sikutumii mpaka uniombe."

Gus ameisoma, akaichomeka nyuma ya saa ya ukutani.

Jumamosi, 26 Agosti

Barua za wakurugenzi zinaingia, moja moja. Kutoka Iowa: nafasi nne. Minnesota: mbili, za ngoma. Kikosi kidogo cha Michigan kitachukua yeyote mwenye umri chini ya kumi na saba, hata kama tarumbeta hana. Nimezisambaza mwenyewe nyumba kwa nyumba baada ya kazi. Nyumba moja walinikaribisha chai. Kwa kina Jelinek niliitia ya Michigan chini ya mlango na kuondoka kabla hawajafungua.

Jumatano, 30 Agosti

Keith yuko nyumbani tangu Jumatatu. Analala hadi saa sita, anakula amesimama. Leo nilimuuliza hatimaye. Alikuwa anafungua jokofu.

"Ni wewe uliyekuwa unasoma jarida kwa sauti kule nyuma ya basi?"

Aliliacha jokofu wazi. Baridi ikawa inatoka kati yetu.

"Mara ya kwanza tu," akasema. "Mara ya pili niliwaambia waache."

Namwamini. Nimejaribu siku nzima kuona kama hilo linapunguza kitu.

Jumapili, 3 Septemba

Keith amehamia Wexton. Kapata kazi kwenye ghala, mazoezi yanaanza Novemba. Aliyekuja kumchukua ni Vernon. Hakushuka garini. Alizima injini akakaa ameshika usukani, anatazama mbele, kama aliyeegesha nje ya nyumba asiyoifahamu. Gus alibeba sanduku la Keith hadi kwenye buti, akalifunga buti, akapita pembeni ya dirisha la rafiki yake wa miaka arobaini bila kugeuza shingo. Nilimwona Vernon akifungua mdomo. Akaufunga.

Nilimpa Keith mkate na nyama kwenye karatasi. Alinikumbatia kwa nguvu kuliko nilivyotarajia. Bado ananukia kama mtoto nyuma ya masikio.

"Nitakupigia simu, mama," akasema. "Msimu ukianza nitakupa alama, asubuhi mapema. Utakuwa wa kwanza kuzijua."

Najua alimaanisha wema. Nilimfunga kifungo cha shati kilichokuwa wazi.

"Nipigie uniambie umekula nini," nikamwambia. "Alama nitazisoma gazetini wiki mbili baadaye, kama watu wengine."